Gari la Wahandisi: Austin 1800 na Kudorora kwa Kampuni ya BMC, 1964–1975

Kudorora kwa viwanda vya magari vya Uingereza huelezwa mara nyingi kwa migomo na uzembe. Historia ya Austin 1800 inaonesha sababu nyingine: ubunifu usiomsikiliza mnunuzi.

Gari hilo kubwa la familia lilizinduliwa na BMC Oktoba 1964. Mbunifu wake, Alec Issigonis, alilikuza wazo alilolitumia katika Mini ya mwaka 1959: injini ilazwe kukingama, gia ziwe chini yake, na magurudumu ya mbele ndiyo yaliendeshe gari. Badala ya springi za chuma uliwekwa mfumo wa mpira na majimaji wa Alex Moulton. Hivyo gari lenye urefu wa mita 4.2 hivi likawa na nafasi kubwa ya ndani kuliko magari mengi yaliyolizidi urefu. Lilitunukiwa taji la Gari Bora la Mwaka 1965 barani Ulaya, na mwaka 1968 lilishika nafasi ya pili katika mashindano ya London hadi Sydney. Halikuwa gari dhaifu.

Hata hivyo, wanunuzi walisita. Usukani ulilala kama wa basi, na kwa upana wake likabatizwa “kaa wa nchi kavu”. Issigonis aliudharau utafiti wa soko waziwazi.

Huko Dagenham, Ford ilifuata njia tofauti. Chini ya Terence Beckett, gharama za Cortina zilipangiwa kikomo mapema, kipuri kwa kipuri. Kiufundi halikuwa na jipya, lakini halikuwa goigoi: mwaka 1964 Peter Hughes alishinda nalo Safari ya Afrika Mashariki. Kati ya 1962 na 1966 toleo lake la kwanza lilipita magari milioni moja. 1800 na ndugu zake wa Morris na Wolseley hawakufika 400,000 kwa miaka kumi na mmoja. Ni kweli kwamba Cortina lilikuwa la bei nafuu zaidi, lakini tofauti hiyo ya bei haikutokea kwa bahati, ndiyo iliyopangwa.

Kosa la BMC liliendelea kuzaa. Ili kuokoa fedha, milango ya 1800 ilitumiwa tena katika Austin 3 Litre (1967) na Maxi (1969), hata umbo la Maxi likaamuliwa na milango ya gari jingine. Utengenezaji wa 1800 ulikoma mwaka 1975. Mwaka huohuo serikali ya Uingereza ilichukua hisa nyingi za British Leyland, mrithi wa BMC, kwa fedha za walipa kodi.