Utambulisho wa Nyaya na Vifaa vya Kukodi katika Matamasha

Vifaa vya kukodi vinavyotumika katika matamasha na mikutano ya hadhara, vikiwemo spika, taa na jenereta, hutambuliwa kwa lebo yenye jina la mmiliki, namba ya kifaa na tarehe ya ukaguzi wa mwisho. Nyaya huwekewa lebo katika ncha zote mbili, ili fundi azitambue pasipo kuzichomoa.

Plagi za viwandani hutofautishwa kwa rangi kwa mujibu wa kiwango cha kimataifa cha IEC 60309: njano ni volti 100 hadi 130, buluu 200 hadi 250, na nyekundu 380 hadi 480.

Rangi za ndani ya waya zinahitaji tahadhari zaidi. Katika mfumo wa zamani wa Uingereza, nyeusi ni nyutro na buluu ni mojawapo ya fezi tatu. Katika mfumo wa IEC, buluu ni nyutro na nyeusi ni fezi. Mifumo hiyo ikichanganywa, kifaa cha volti 230 chaweza kupokea volti 400 na kuungua.

Kwa hiyo, fundi hana budi kupima umeme kabla ya kuunganisha. Kifaa kisicho na lebo inayosomeka kitengwe hadi kikaguliwe.