Usugu ni wa Nani?

Mgonjwa anayeishi na VVU akirudi kliniki na utando ule ule mweupe ulimini, husema, "Mwili wangu umeizoea dawa." Kwenye faili huandikwa: fangasi sugu. Huenda kila mmoja ana jambo lake kichwani, na neno letu limewafunika wote wawili.

Sugu, kwa asili, ni ugumu unaoota kwenye kiganja cha mshika jembe, au kwenye paji la uso la mtu wa sijida. Kutoka hapo neno likatembea: mdaiwa sugu, mwizi sugu, hata msanii wa Mbeya aliyeingia bungeni akiwa nalo kama jina. Hospitalini likafanya matata. "Ugonjwa sugu" ni ule wa kudumu, kama kisukari, hata kama unatulia vizuri kwa dawa. "Usugu wa dawa" ni jambo jingine kabisa: ugonjwa unaweza kuwa wa juzi, ila dawa haiuwezi. Na hiyo "wa" inanikera. Kwani dawa ndiyo iliyoota sugu? "Usugu dhidi ya dawa" ni mrefu, lakini angalau haumsingizii asiyehusika.

Anayehusika si mwili pia. Ni fangasi, mara nyingi Candida albicans, kiumbe wa kundi la hamira anayeishi vinywani mwa watu wengi wenye afya bila kuwaudhi, mpaka kinga iporomoke: kwa VVU, kwa tiba ya saratani, kwa dawa anazomeza aliyepandikizwa figo. Flukonazoli humnyima ergosteroli, mafuta anayoyahitaji kujengea utando wa seli yake (utando mwingine huo, si ule mweupe). Baadhi yao huponyoka. Wapo waliobadilika pale pale dawa inapotakiwa kunasa. Wapo wanaoisukuma nje kama maji ya ngalawa.

Kiganja cha mkulima hakitufai hapa. Ngozi ile ile husuguliwa hadi ikakakamaa, lakini kinywani waliolegea hudumaa na waliobadilika huzaana, mpaka ukoo mzima unakuwa wao. Ndivyo ilivyokuwa miaka ya 1990, kabla ya mseto wa ARV uliokuja mwaka 1996 kuenea, wakati wagonjwa wenye kinga duni mno walipomeza flukonazoli miezi na miezi. ARV zilipoinua kinga zao, fangasi wa kinywani wasiotibika wakawa nadra zaidi.

Yupo pia ambaye hakusuguliwa na chochote. Candida krusei, ambaye wataalamu wamempa jina jipya la Pichia kudriavzevii, kwa maumbile yake hazuiliki kwa flukonazoli. Wake ni usugu wa kuzaliwa, na kumchanganya na yule aliyebadilika katikati ya tiba ni kumlaumu mgonjwa kwamba alikatiza dozi wakati hakukatiza. Halafu kuna kujirudia, ambako si usugu hata kidogo: dawa ilifanya kazi, utando ukaondoka, ila kinga bado iko chini na fangasi wamerudi vilevile walivyokuwa. Mgonjwa huyo anahitaji kuangaliwa ARV zake kabla ya kubadilishiwa dawa ya fangasi.

Mitaani lipo neno ninalolipenda kuliko haya yote. Watu husema, "Huu ugonjwa hausikii dawa." Anayesikia na asiyesikia wanajulikana mara moja, bila "wa" wala "dhidi ya". Maabara wakishaotesha sampuli na kuijaribu kwa dawa, waandike tu: anasikia nistatini, hasikii flukonazoli. Candida auris, aliyeelezwa mwaka 2009 baada ya kupatikana kwenye sikio la mgonjwa huko Japani, jina lake ni la sikio kwa Kilatini, na ni miongoni mwa fangasi wasiosikia kupindukia. Kinywani si kawaida kumkuta, lakini nimeshindwa kumwacha.

Kinachobaki ni Candida glabrata. Kwa flukonazoli, maabara nyingi humweka katikati: huenda akadhibitiwa, ila kwa dozi kubwa. Kwa huyo napendekeza "msikivu wa dozi kubwa". Mwenzangu mmoja anataka "mzito wa kusikia", na kwa kweli sina hoja nzuri ya kumpinga.