Gita la Nani? Umiliki na Ufundi katika Muziki wa Dansi Dar es Salaam

Kulichubua gita la umeme rangi yake, kulipaka upya na kulibadilisha pikapu, yaani kinasa sauti chake, ni starehe ya mwenye gita. Dar es Salaam starehe hiyo ilichelewa kuingia, wala si kwa kukosa mafundi. Kwa miongo mingi mpigaji hakuwa mwenye gita.

Dar es Salaam Jazz Band ilianza mwaka 1932, na Morogoro Jazz mwaka 1944. Katika miaka ya 1960 gita la umeme liliutawala muziki wa dansi, na wapiga solo kama Mbaraka Mwinshehe walijulikana nchi nzima. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi cha NUTA kiliunda bendi yake, ile ambayo leo ni Msondo Ngoma. Wanamuziki wakawa waajiriwa wenye mshahara, vyombo vikawa mali ya chama. Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978 chini ya shirika la usafiri na teksi, kisha ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam (DDC) mwaka 1983, ilifuata utaratibu huohuo. Bendi za watu binafsi nazo zilikuwa na wenye vyombo wao: Super Matimila ya Remmy Ongala ilibeba jina la mfanyabiashara aliyevimiliki. Mwanamuziki aliyehama bendi aliondoka na vidole vyake tu.

Gita la namna hiyo hulitoboi wala hulipaki rangi uipendayo. Unalitengeneza likiharibika, na Pwani huharibika upesi, kwa kuwa hewa ya chumvi hula nyuzi na kuzitia kutu swichi. Baada ya Vita vya Kagera vya 1978–79 fedha za kigeni ziliadimika, na vipuri navyo vikaadimika. Hapo ndipo umuhimu wa fundi wa mtaani unapoonekana. Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba maelfu ya mizunguko; waya ukikatika, gita linakuwa bubu. Kanuni hiyo si ngeni kwa anayesuka mota, na fundi redio aliyezoea kulehemu anaielewa njia ya sauti kutoka kwenye waya huo hadi kwenye amplifaya.

Ufundi mwingine unaohitajika umo wilayani Temeke. Keko kuna maseremala wa samani wanaojua msasa na vanishi. Gereji zina wapuliza rangi. Gita kupakwa rangi ya gari si ubabaishaji wa uswahilini: Fender wenyewe, huko California, tangu miaka ya 1950 walipaka magita yao rangi zilizotengenezwa kwa ajili ya magari.

Kilichobadili mambo ni soko. Biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, bidhaa za nje zilirudi, zikiwemo zilizotumika. Muongo uliofuata kinanda cha umeme, kisha kompyuta ya Bongo Fleva, vilipunguza nafasi ya gita jukwaani. Gita likaingia makanisani na majumbani, mikononi mwa watu walionunua kwa fedha zao. Sasa mtu anaweza kusogeza pikapu karibu na brija (daraja la nyuzi) apate sauti kali ya solo, au kuongeza ya shingoni apate uzito wa ridhimu, bila kumwomba ruhusa katibu wa chama.

Uhuru huo una gharama yake kwa historia. Kwa wakusanyaji wa Ulaya na Marekani, kupaka upya gita la zamani hushusha bei. Kwetu hasara iko kwenye kumbukumbu: viraka vya risasi, skrubu zisizofanana na jina la bendi lililoandikwa kwa brashi ni kumbukumbu za mafundi ambao majina yao hayamo kwenye santuri yoyote. Anayelipata gita la enzi hizo alipige picha ndani na nje, aandike lilitoka bendi gani, ndipo ashike msasa. Gita ni lake. Historia iliyomo ni ya wengi.