Plagi Kuingia Si Kupatana

Wasee wengi wakijenga kompyuta ya mezani hawaogopi kitu kama waya za pawa. Eleweni vile iko: umengoja bonasi ya majani chai, umeagiza spea moja moja kutoka Nairobi hadi zikafika Ndanai kwa matatu. Plagi moja mbaya na pesa ya nyumba imekuwa moshi. Hiyo hofu ina historia.

IBM ilipotoa PC yake 1981, madabodi ilipata stima kupitia plagi mbili za pini 6, zile mafundi waliziita P8 na P9. Zilifanana, zilikaa kando kwa kando, na ungeweza kuzibadilisha nafasi. Ukizibadilisha, madabodi kwisha. Kinga ilikuwa kukumbuka tu: waya nyeusi zikae katikati, nyeusi kwa nyeusi. Halafu kwa mashine nyingi za AT zilizofuata, swichi ya mbele ilibeba stima ya ukutani yenyewe. Kwetu hiyo ni volti 240 nyuma ya kitufe cha plastiki!

1995 Intel ikaleta ATX. Plagi mbili zikawa moja ya pini 20. Iangalie karibu: pini zingine zina umbo la mraba, zingine zimekatwa pembe, ndio maana inaingia upande mmoja tu. Kitufe cha mbele nacho kikabaki kutuma ishara ndogo kwa madabodi. 2000 Pentium 4 ikaja na njaa yake, ikaongezwa plagi ya pini 4 ya CPU. 2003 ile kubwa ikafika pini 24.

Sasa shida ikaisha? Zii. Kuanzia 1998, Dell ilitumia plagi yenye umbo lile lile la ATX lakini waya zimepangwa kivyake. Pawasaplai ya kawaida iliingia vizuri kabisa, halafu ikaunguza madabodi. Hata leo, waya za kuchomoa za pawasaplai moja zinaweza kuingia kwa nyingine na kupeleka volti mahali sipo.

Na sisi tunajenga na mitumba. Pawasaplai ya 2004, madabodi ya 2012 na diski ya juzi zinakutana kwa meza moja, bila waranti. Kwa hivyo umbo la plagi linakulinda tu kama waliounda pande zote mbili walikubaliana.

Basi kabla uwashe: soma lebo, usichanganye waya za pawasaplai mbili, sukuma plagi mpaka ilie “tak”. Ukiona kiswichi chekundu nyuma, kiwe 230. Kikibaki 115 na hii stima yetu, utasikia mlipuko kabla uone picha kwa skrini.

Wa P8 na P9 walilipia somo hili na madabodi zao. Wewe lisome bure.