Jina Lililotangulia Kitu: Historia Fupi ya Kompyuta ya Kiganjani

Yako majina yanayozaliwa baada ya kitu kutumika, na yako majina yanayotangulia kitu chenyewe. Katika makala haya tunakusudia kueleza historia ya jina moja la aina hii ya pili, kwa kuwa linawahusu wote wanaotafsiri maelezo ya mitambo kwa Kiswahili.

Mnamo tarehe 7 Januari, 1992, John Sculley, aliyekuwa mkuu wa kampuni ya Apple ya Marekani, alihutubia maonyesho ya vyombo vya elektroniki mjini Las Vegas. Humo alitangaza chombo cha aina mpya, akakipa jina la Kiingereza lililofupishwa kuwa PDA, yaani "msaidizi binafsi wa kidijiti". Chombo hicho kilikuwa bado hakijaanza kuuzwa. Hata hivyo, tangu mwaka 1984 kampuni ya Psion ya London ilikuwa ikiuza kompyuta ndogo ya mkononi, yenye vitufe, ya kuhifadhia majina na anwani. Kilichokuwa kipya hasa ni ahadi iliyomo katika jina: chombo kitamtumikia mtu kama karani wake.

Chombo chenyewe, Newton MessagePad, kilitoka Agosti 1993 kwa bei ya dola 700 hivi. Mtumiaji aliandika juu ya kioo kwa kalamu isiyo na wino, na mashine ikajaribu kuusoma mwandiko wake. Usomaji huo uliegemea orodha ya maneno iliyohifadhiwa ndani: mashine ililinganisha mwandiko na maneno iliyoyajua, kisha ikakisia. Mara nyingi lilitoka neno jingine kabisa. Mwezi huohuo mchoraji wa katuni Garry Trudeau aliikejeli magazetini.

Hapa yafaa tujiulize: utaratibu huo ungekifaaje Kiswahili? Kutokana na kitenzi "andika" tunapata "hatukuandika", "nitakuandikia", "waliandikiana" na mengine mengi mno. Orodha ya maneno mazima haiwezi kuyamaliza. Karani asiyejua viambishi vyetu hawezi kuwa karani wetu.

Machi 1996 ilitoka Pilot ya kampuni ya Palm. Mbunifu wake, Jeff Hawkins, alikuwa ametembea na kipande cha mti mfukoni ili apime kama ukubwa huo ungefaa. Pilot haikudai kuusoma mwandiko wa kila mtu; ilimtaka mtumiaji ajifunze maumbo mepesi ya herufi na kuziandika moja moja. Kwa hiyo neno la Kiswahili liliweza kuingia herufi kwa herufi, bila kusubiri liorodheshwe. Ilianza kuuzwa kwa dola 299, ikapendwa sana. Newton, ingawa usomaji wake ulikuwa umerekebishwa, ilikomeshwa Februari 1998. Baadaye simu zilizichukua kazi za vyombo vyote hivi.

Tunapata mafunzo mawili. Kwanza, "msaidizi" ni jina la ngeli ya watu. Mfasiri akiandika "msaidizi ameharibika" katika orodha ya mali ya ofisi, msomaji hatajua kama atafutwe fundi au daktari. Pili, wazungumzaji wenyewe walipoipata simu ya kubebeka waliiita "simu ya mkononi" au "simu ya kiganjani". Walitazama mahali inapokaa na kazi inayofanya. Hawakutazama tangazo la muuzaji.

Kwa sababu hizo tunapendekeza chombo hiki kiitwe "kompyuta ya kiganjani" katika vitabu na nyaraka. Ahadi ya muuzaji huweza kuvunjika, na ikivunjika jina lililojengwa juu yake hubaki likimpotosha mwanafunzi. Kwa hiyo, kabla ya kulitafsiri jina la kitu, tukiulize kwanza kitu chenyewe kinafanya nini.