Raha za Mji wa Kalemie: Zilitoka Wapi?

Katekista mmoja wa kando ya ziwa, mzee mwenye kazi ya miaka mingi, alinijia siku moja na moyo mzito. «Padri, Wakristu wangu wakitoka Misa hawarudi nyumbani. Wanashuka moja kwa moja pwani. Niwaambie nini?» Nikamwuliza: «Mzee, wanafanya nini kule?» Akafikiri kidogo, kisha akajibu: «Wanaketi.»

Jibu lile lilinichekesha, halafu likanisumbua. Maana sisi mapadri tunajua kuandika historia ya vita, ya maaskofu, ya misioni zilizofunguliwa na makanisa yaliyojengwa. Historia ya raha za watu hatuiandiki, kana kwamba taifa la Mungu linaishi kwa taabu peke yake. Padri Stefano Kaoze, mwana wa upande huu wa ziwa, padri wa kwanza wa Congo ya Wabeleji (alipadrishwa tarehe 21 Julai 1917), alikuwa bado mwanaseminari alipotangaza maandiko yake juu ya mawazo na tabia za Wabantu. Hakungoja mtu mwingine aje kumweleza watu wake. Basi, kwa kufuata nyayo zake kidogo tu, nimejaribu kuuliza: huku kuketi pwani, na raha nyingine ndogo za mji wetu, mwanzo wake ni nini?

Tuanze na ardhi yenyewe, maana watu wengi hawajui habari hii. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea maji, ndio mto Lukuga, unaopita hapa Kalemie na kuelekea Lualaba. Mwaka 1874 Mwingereza Cameron alifika mlangoni pale akakuta umezibwa na majani. Mwaka 1876 Stanley akaja, akaona mafunjo na matope, wala maji hayapiti. Siku zile ziwa lilikuwa likipanda mwaka kwa mwaka, kwa kuwa halikuwa na njia. Karibu na mwaka 1878 maji yakavunja kizuizi, na mwaka 1879 mmisionari Mprotestanti jina lake Hore aliona Lukuga ikikimbia kwa nguvu. Hapo ziwa likaanza kushuka, likashuka karibu metri kumi katika miaka kama kumi na mitano.

Tazama maana yake. Pwani tunayokanyaga na sehemu za chini kabisa za mji zilikuwa chini ya maji wakati ambapo Mapadri Weupe wa kwanza walifika Ujiji, mwanzoni mwa 1879. Ziwa lilirudi nyuma, watu wakaingia. Nitarudi kwenye neno hili.

Watu walioingia hawakuja kutafuta raha. Kaskazini ya hapa, pale Mtoa, palikuwa bandari ya misafara iliyovuka kutoka Ujiji kwenda Manyema kutafuta pembe na watumwa. Kwa njia hiyo Kiswahili kilifika kwetu: lugha tunayoimbia leo ilivuka ziwa pamoja na minyororo. Wabaholoholo, wenye nchi, waliona hayo yote. Tarehe 30 Desemba 1891 kapiteni Jacques, aliyetumwa na shirika la Wabeleji la kupinga utumwa, alianzisha boma lake akaliita Albertville, kwa jina la Albert, mtoto wa ndugu ya mfalme Leopold. Mwaka 1892 watu wa Rumaliza wakalizunguka boma lile, vita ikakawia miezi mingi. Basi jina la mji wetu lilizaliwa kama jina la ngome, mahali pa kujificha risasi.

Mji wenyewe ulikua hasa kwa reli. Mwaka 1915 njia ya gari la moshi kutoka Kabalo, kilometri 273, ilifika ziwani. Ilikuwa wakati wa vita. Reli ilileta askari na mizigo yao. Mwaka ule ule Waingereza walileta mashua mbili ndogo za vita, Mimi na Toutou, wakazivuta nchi kavu kutoka kusini mpaka hapa Lukuga. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliiteka masuwa ya Wadachi, Kingani. Tarehe 9 Februari 1916 zikaizamisha nyingine, Hedwig von Wissmann. Mkubwa wa Waingereza wale, Spicer-Simson, alikuwa mtu wa ajabu aliyependa kuvaa sketi. Jambo hili halina faida kwa wokovu wa roho, lakini wanaseminari watalikumbuka kuliko tarehe.

Baada ya vita reli na bandari zilibaki, zikabadilika maana. Makaa ya mawe yalichimbwa katika bonde la Lukuga. Mizigo ilipita kwenda Kigoma na kurudi. Baada ya vita vya 1940-1945 palikuwa na kiwanda kikubwa cha nguo, Filtisaf, kilichovuta vijana kutoka vijiji vya mbali. Mwaka 1956 reli ya Kamina ilipounganishwa na Kabalo, mtu aliweza kupanda treni hapa akaenda mpaka Elisabethville. Wakubwa walihesabu toni. Lakini ulize wazee wanakumbuka nini juu ya treni, hawatakuambia habari ya toni. Watakuambia siku ya kufika kwake. Watu waliacha kazi za nyumbani, wakaoga, wakavaa, wakaenda stasioni, hata wale wasio na mgeni. Walikwenda kuona nani amekuja, nani amenenepa, nani ameleta mke, nani amerudi mikono mitupu. Mama waliuza karanga na samaki mkavu madirishani. Treni iliyofanywa kwa ajili ya mali ikawa teatro ya maskini, bila tiketi. Leo inafika mara chache na bila saa ya hakika. Raha ile imekufa polepole, na hakuna aliyeizika kwa heshima.

Pwani nayo? Hapa ni lazima kusema ukweli. Katika miji ya Congo ya Wabeleji mtaa wa Wazungu na site ya watu weusi vilitengwa, na usiku Mwafrika hakuwa na ruhusa ya kutembea mtaani kwa Wazungu pasipo karatasi. Mahali pazuri pa kupumzika palikuwa upande wa wenyewe wenye kupumzika. Mfanyakazi wa bandari alilijua ziwa kwa mabega yake, kwa mizigo aliyoshusha. Kwa hiyo mtu akiketi leo mchangani siku ya Mungu, na viatu amevivua, watoto wake wakichezea maji, anafanya jambo ambalo pengine babu yake alilitazama kwa mbali. Yule katekista aliona uvivu. Mimi naona urithi uliochukuliwa kwa kuchelewa.

Katika site watu walijitafutia raha zao. Kubwa katika miji ya Katanga ilikuwa ngoma ya mbeni. Ilizaliwa pwani ya Afrika ya Mashariki kwa kuiga bendi za askari wa Kizungu. Baada ya vita vya 1914-1918 ilifuata askari na wafanyakazi mpaka kwetu. Ilikuwa na wafalme wake na majenerali wake, nguo za kijeshi, maandamano, mashindano ya kikundi na kikundi. Serikali iliiogopa, na misioni nyingi ziliikataza. Nasema kwa heshima kwa ajili ya wale walionileta katika imani: waliona vyeo na pombe, na katika hayo hawakukosa kabisa. Lakini naona kuna jambo liliwapita. Kijana aliyetoka mbali, asiye na mjomba wala shangazi mjini, aliingia mbeni akapata ndugu wa kumtembelea akiugua na kumzika akifa. Yule «mfalme» wa mbeni alikuwa pengine karani au boi kutwa nzima; jioni alitembea akisalimiwa. Tukimcheka, tumcheke kwa upendo.

Tena Kanisa lenyewe lilijifunza baadaye. Huko Bukavu, mwaka 1952, Padri Georges Defour wa Mapadri Weupe alianzisha Xavéri kwa ajili ya vijana, na chama hicho kikaenea katika majimbo yetu: sare, ngazi za viongozi, nyimbo, ngoma, maandamano. Sisemi kwamba Xavéri ni mtoto wa mbeni, maana wakubwa wangu watanikemea. Nasema tu kwamba mwenye macho ataona kiu ni ile ile.

Mwaka 1964 raha zote zilinyamaza. Mwezi wa Juni waasi waliingia Albertville; Jason Sendwe, mkubwa wa provinsi ya Katanga ya Kaskazini, aliuawa hapa; mji ulichukuliwa tena na jeshi la serikali mwisho wa Agosti. Na katika mwaka ule ule, kama kwamba vita haikutosha, ziwa lililokuwa likipanda tangu mvua kubwa za mwisho wa 1961 lilifika juu sana.

Sasa niseme juu ya raha ninayoipenda mimi mwenyewe kupita nyingine: ndagala. Samaki hao wadogo hufuata mwanga. Zamani wavuvi waliwasha moto mbele ya mtumbwi. Katika miaka ya 1950 zilienea taa kubwa za petroli na mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja, na Wagiriki wakaja na nyavu zao kubwa. Mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wanalala, maana mwanga umetawanyika juu ya maji yote na taa haina nguvu. Giza likirudi, ziwa lote linawaka. Mgeni akisimama kilimani usiku atadhani kuna mji mwingine ng'ambo ya mji wetu, wenye taa nyingi kuliko sisi. Na kwa habari ya umeme, mara nyingi hakosei. Asubuhi jua linatokea majini, kwa kuwa sisi tuko upande wa magharibi, na mitumbwi inarudi pamoja nalo. Siku za hewa safi baada ya mvua milima ya Tanzania inaonekana. Pale mchangani mama wananunua kwa sahani au kwa beseni, wanabishana, wanatukanana kidogo, wanacheka. Ndagala wabichi, waliokaangwa kwa mawese na pilipili, na bukari ya moto ya muhogo: karani, mchukuzi na padri wanakula chakula kimoja. Mikebuka ni mtamu zaidi, lakini bei yake inachagua watu.

Basi ndizo raha za Kalemie, ndugu zangu, na mtaona kwamba hata moja haikutayarishwa na mtu yeyote kwa ajili yetu. Ngome, reli, bandari, kiwanda, vyote vilikuwa na shabaha nyingine. Watu wadogo walichukua kilichobaki cha mambo makubwa, wakakifanya mahali pa kuketi.

Nilisema nitarudi kwenye ardhi. Mwaka 2021 na tena mwaka 2024 ziwa lilipanda kupita kipimo, likaingia nyumbani na barabarani, watu wengi wakahama. Mchanga ule wa kuketi ulifunikwa. Nimesikia wahubiri wa vikundi vingine wakisema ni adhabu kwa ajili ya dhambi za pwani. Mtu aliyesoma habari za 1878 hawezi kusema hivi. Ziwa lilikuja mahali lilipolala zamani, kwa mvua nyingi na kwa mlango mmoja mwembamba. Na halijafika bado pale lilipokuwa siku za Stanley. Jambo hili linatupasa kuliangalia wakati parokia zinapochagua mahali pa kujenga shule na kapela. Kiwanja cha chini ni rahisi kununua, na ni ziwa lililokiacha.

Kuna hatari nyingine, ya mikono ya watu. Maji yanaposhuka naona kuta zinapanda. Mwenye fedha anajizungushia kipande chake cha pwani, na njia ya kushukia majini inakuwa nyembamba kila mwaka. Wazee wetu walizuiwa kwa karatasi. Wajukuu watazuiwa kwa matofali. Wakristu wetu wenye cheo mjini wanaweza kuulizwa habari hii, na si vibaya mapadri wao ndio wawaulize.

Yule katekista nilimjibu kwamba siku ya Mungu inayofuata aje nami. Tulishuka baada ya Misa ya pili. Tulikuta wanakwaya, wajane wawili, mvuvi aliyekuwa akishona wavu ingawa ilikuwa siku ya kupumzika, na watoto wasiohesabika. Waliposogea kutupa nafasi kwenye gogo, mzee alisita kidogo kwa ajili ya kanzu yake nyeupe, kisha akaketi.

Nawaomba wasomaji wa gazeti hili, hasa makatekista walio na wazee katika parokia zao, wawaulize juu ya mambo matatu: majina ya vikundi vya mbeni na nyimbo zao, siku za treni, na alama ya maji ya 1964 ilifika nyumba gani. Andikeni hata kwa penseli, mtutumie. Wazee wa 1964 wanapungua.