Uzito ni kama mbolea: historia ya munganga aliyejifunza kupunguza

Ndugu na dada wasomi, leo siandiki juu ya mihogo. Naandika juu ya matako na mgongo wangu. Tafadhali msicheke mbele ya kusoma mpaka mwisho.

Nilipokuwa namaliza kazi ya mwisho ya lisansi, nilikuwa nakaa kwenye kiti kutoka asubuhi mpaka usiku. Rafiki akanipeleka kwenye sale moja ya mazoezi hapa Bukavu. Kochi hakuniuliza kitu. Siku ya kwanza tu akanibebesha kilo 60 za skwati, akisema mwanaume hapimi, mwanaume anabeba. Siku ya tatu mgongo ukagoma. Wiki mbili nzima sikuweza kuinua hata bidoni ya maji, mdogo wangu njo alikuwa ananichotea. Pale nikaanza kutafuta: nani alifundisha watu kubeba uzito kwa akili?

Tuanze na msuli wenyewe. Mwaka wa 1895, munganga Mjerumani Friedrich Trendelenburg alieleza juu ya watu waliozaliwa na nyonga zisizokaa fasi yake. Walikuwa wanatembea wakiyumba kama bata. Wengi walifikiri mfupa njo ulikuwa unateleza juu na chini. Yeye aliwasimamisha kwa mguu mmoja, akatazama. Mtu mzima akisimama hivyo, kiuno chake kinabaki sawa. Wale wagonjwa, kiuno kilianguka upande wa mguu ulioinuliwa. Akaonyesha kwamba shida ni misuli ya upande wa tako, ile inayoshika kiuno kila tunapopiga hatua. Mpaka leo waganga wanatumia kipimo kile, na kinaitwa kwa jina lake.

Kwa hiyo tako si pambo. Sisi tunaopanda na kushuka milima ya Bukavu kila siku, misuli ile mikubwa ya nyuma njo inanyoosha nyonga tukipanda, na ile ya upande inatushika tusiyumbe.

Lakini kujua msuli ni dhaifu ni kitu kimoja, kuurudishia nguvu ni kingine. Tuende Marekani, wakati wa vita kuu ya pili. Askari walikuwa wanarudi na magoti na mapaja yaliyoumia, hospitali zinajaa. Waganga wengi walikuwa wanawapa mazoezi mepesi, ya kurudia mara nyingi, na watu walikuwa wanakawia kupona. Katika hospitali ya jeshi ya Gardiner, Chicago, kulikuwa munganga kijana, Thomas DeLorme. Yeye mwenyewe, wakati wa ujana, alilala kitandani miezi kwa ugonjwa wa homa ya viungo, kiisha akajirudishia nguvu kwa kubeba vyuma. Akajiuliza: kama vyuma vilinisaidia mimi, juu ya nini visisaidie askari?

Akawavalisha kiatu cha chuma chenye kuongezwa uzito. Lakini hakubahatisha. Alitafuta kwanza uzito ambao mgonjwa huyo, si mwingine, anaweza kuinua mara 10 tu. Kila wiki alipima tena, nguvu ikipanda uzito nao unapanda. Mwaka wa 1945 akatangaza matokeo yake.

Sasa sikilizeni kitu kilichonigusa. Mwanzoni aliwafanyisha wagonjwa mara 70 mpaka 100 kwa siku. Mwaka wa 1948, pamoja na mwenzake Arthur Watkins, akaandika wazi kwamba hesabu ile ilikuwa ya kupita kiasi. Akaishusha mpaka mara 30: kumi za kwanza kwa nusu ya uzito, kumi za pili kwa robo tatu, kumi za mwisho kwa uzito wote. Mtu alikuwa tayari na jina, lakini alikubali kujirekebisha mbele ya wote.

Kiatu kile kilikuwa cha misuli ya mapaja, lakini kanuni ni ileile kwa matako. Na sisi wa agro tuliijua zamani: unapima udongo mbele ya kuweka mbolea. Mbolea ya msimu mzima ukiimwaga siku moja, inachoma mizizi. Kosa si la mbolea, ni la mkono uliomwaga.

Basi kochi mzuri utamjua namna gani? Anakuuliza kwanza ulishaumia wapi. Anatazama unavyosimama. Anaandika kwenye kaye kile ulichobeba, anaongeza kidogo, na ukichoka anapunguza bila kukupigia haya.

Mimi nilirudi, lakini kwa kochi mwingine, mama mmoja mtulivu. Wiki mbili za kwanza hakunipa hata kilo moja. Nilikuwa nalala chali, magoti yamekunjwa, nainua kiuno polepole na kushusha. Nilisikia haya, vijana walikuwa wananitazama. Leo kilo 60 zile nazibeba, mgongo umenyamaza, na maji nachota mwenyewe.

Wewe unayefundisha wengine, kwenye sale, darasani ao shambani: mara ya mwisho ulikubali lini kwamba kipimo chako kilikuwa kikubwa mno?